Kibodi Isiyo na A

Kwenye saiba moja ya Ukunda, kiti cha tatu kutoka mlangoni, pana kibodi nyeusi ambayo kitufe chake cha A kiligoma. Naomba baraza linyamaze kidogo, nataka kuisifu.

Sifa bila nasaba ni porojo, kwa hiyo tuanze na wazee wake. Wawili wako rafuni kwa fundi mmoja wa njia ya Diani. Wa kwanza ni Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982, aliyoachiwa na Mjerumani mstaafu alipofunga virago kurudi kwao. Ng'oa kitufe chake kimoja na utakuta springi, na mguu wenye kipande cha mpira wa kaboni unaoshuka kugusa bodi. Vitufe 66, kila kimoja na mlango wake. Wa pili ni Model M ya IBM, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1985. Hiyo springi yake hupinda ghafla inapobanwa, ikatoa mlio wa tak! na kidole kikajua bila kuuliza kwamba herufi imefika. Ni nzito kama kilo mbili hivi. Kusi ikivuma, fundi huizuilia mlango.

Mzee wa tatu namjua kwa picha tu: ZX Spectrum ya Sinclair, Uingereza, Aprili 1982, pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ndogo. Vitufe vyake 40 ni vya mpira, na waliowahi kuvigusa husema ni kama kubonyeza nyama ya maiti. Lakini alikuwa na karama yake. Ukianza mstari kwa kubonyeza P, haitoki P, linatoka neno zima: PRINT. Iweke karama hiyo mfukoni, tutaihitaji mbele.

Kibodi yetu ndiyo kitinda mimba wa ukoo huu. Springi haina. Chini ya kila kitufe pana kikombe kidogo cha mpira, na chini ya vikombe vyote pana ngozi tatu za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ya juu ikiigusa ya chini kupitia tundu la ile ya katikati, herufi hutoka. Ni rahisi kutengeneza, basi ni rahisi kununua, na ndiyo sababu iko kwenye kila meza kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga. Tatizo ni kwamba haipendi unyevu, na mwenye saiba ameiweka pwani.

Fadhila zake ndogo ndogo nizitaje mbio mbio. Haina kelele. Haiibiwi. Q na X zake zinang'aa kama siku ya kwanza dukani, kwa kuwa Kiswahili hakina haja nazo. Tena inapatikana: mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na vilipoanza kugawiwa vifaa mwaka 2016 watoto wakapewa tabuleti za kioo. Mwanao akiuliza kitufe ni kitu gani, mlete Ukunda.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni elimu. Mimi nilisoma Kiswahili shuleni, nikakifundisha miaka mingi, na sikukijua mpaka nilipokaa kiti cha tatu.

Mmarekani Sholes aliyezipanga herufi hizi, kwa mashine ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874, hakuwa na Mswahili akilini. A aliiweka pembeni kabisa, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho kazi yake nyingine ni kusafishia sikio. Kumbe A ndiyo punda wa lugha yetu. Andika “Baba ana haraka”: herufi 13, na 7 kati yake ni A. Kwenye kiti cha tatu ilitoka “Bb n hrk”, na baba ukimtazama ameshapungua kilo.

Nilipomlalamikia kijana wa saiba, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu, “Babu, hiyo A ibonyeze kwa hasira kidogo.” Niliibonyeza kwa hasira nyingi. Kwale ikawa Kwle. Msambweni ikawa Msmbweni, jina linalohitaji maji ya kunywa katikati. Diani ikageuka Dini, jambo lililomfurahisha ustadhi wa kiti cha pili. Ni Tiwi, Kinondo, Shimoni na Kikoneni tu walioamka salama asubuhi hiyo.

Somo la sarufi ndilo lililonivua kofia. Vitenzi vyetu vya Kibantu karibu vyote huishia na A, kwa hiyo vilikufa kwa mkupuo: huwezi kula, huwezi kulala, huwezi kulipa wala kulipwa. Huwezi hata kukataa, maana “hapana”, “sitaki” na “haiwezekani” zote zimezama. Walionusurika ni wageni waliotujia kutoka Kiarabu: rudi, jibu, subiri. Nikaona raha. Nikachukua kalamu nikaanza kuorodhesha, kwa kujifurahisha tu, maneno yote ambayo kibodi hii inaweza kuyaandika bila kasoro.

Subiri. Fomu. Foleni. Bosi yuko nje. Njoo kesho. Sistemu iko chini. Hongo. Kitu kidogo.

Hapo kicheko kilinikauka. Nikaangalia upande wa pili wa karatasi, kwenye orodha ya marehemu: haki, ardhi, hati, ahadi, asante.

Ipo ofisi moja, sitaitaja, iliyoniandikia barua kuhusu kiwanja alichokiacha marehemu babangu. Jina langu kamili lina A saba. Kwenye barua zilifika tano. Kwa jinsi nilivyozoea kiti cha tatu, sikukasirika. Niliona ni ajali ya kikazi, nikapanda matatu kwenda kuomba zile mbili zilizobaki. Karani alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliisoma barua, akakisoma kitambulisho, akanitazama kwa huruma.

“Mzee, hiyo ni mashine.”

Nikachungulia juu ya kaunta. Kibodi nyeusi, ndugu wa toka nitoke wa yangu. Nikamwambia, “Mwanangu, hebu nibonyezee A.” Akabonyeza. Ikatoka. Akabonyeza tena, zikatoka nne zimepangana kama watoto wa chuoni.

“Basi si kibodi,” nikasema.

“Basi ni sistemu,” akasema.

Kisha akanieleza utaratibu. Niende kwa wakili, niape kwamba mwenye A saba na mwenye A tano ni mtu mmoja. Kosa lao, kiapo nikile mimi! Na wakili si mjomba wangu, analipwa. Nililipa. Nikakirudisha kiapo, nikaambiwa kimekosa nakala. Nikaleta nakala, nikaambiwa aliyekipokea amepewa likizo na funguo za kabati anazo yeye. Safari sita, na kila safari kutoka Msambweni ni kuteremka Ukunda na kupanda gari jingine. Safari ya nne nilikaa benchi kutoka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri nikiwa na mama mmoja aliyebeba faili lake ndani ya mfuko wa unga. Yeye jina lake lilikuwa sawasawa. Walichokosea ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa mujibu wa ofisi, alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake. Naye aliambiwa ni mashine.

Nisameheni, nilikuwa nikiisifu kibodi.

Nayo inastahili, kwani sasa ndipo naiona tofauti. Kibodi ya kiti cha tatu ilikataa A, na iliikataa kwa kila mtu: kwangu, kwa ustadhi, kwa mtoto wa mwenye saiba, kwa afisa akija kuchapa barua yake binafsi. Haina mjuano. Haikuambii A ilikuwepo asubuhi ila wewe ndiye uliyechelewa. Kule kaunta nimekuta ile karama ya Spectrum, kitufe kimoja neno zima. Namsabahi tu karani, namba ya faili sijaitaja, na linatoka limekamilika: “Mzee, sistemu iko chini.” Siku moja nilimuuliza iko chini wapi, niende nikaitazame. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Jumamosi iliyopita saiba ilikosa umeme, na kijana kwa kukosa la kufanya akaigeuza ile kibodi kifudifudi, akaifungua kwa bisibisi. Tuliinama sote kutazama. Palikuwa na mchanga wa ufukweni, makombo ya kaimati, mguu mmoja wa mende na unywele mrefu wenye hina. Ndani ya kikombe cha A ilikuwa imeganda chai ya maziwa ya mtu fulani, ngumu kama gundi ya seremala. Akaikwangua kwa kucha, akapangusa kwa pamba na spiriti, akapuliza, akafunika. Umeme uliporudi alibonyeza mara moja, zikaja A mstari mzima.

Dakika kumi, na hakunidai kiapo. Barua yangu ina miezi minane.