Sifa za Vikinga Ugoko

Vikinga ugoko ni kero, na mimi nimekuja kuvisifu. Vinachemsha mguu kabla mpira haujaanza. Vinawasha. Haijafika nusu saa vimeshateleza hadi kifundoni, na beki anainama kuvipandisha huku winga wa upande wa pili anampita. Ukivivua vinanuka, na ukivisahau ndani ya begi kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, nyumba nzima inajua kwamba baba alicheza. Daluga mpya huoneshwa kijiwe kizima, jezi hugombewa namba, lakini sijamwona mtu akivitoa vikinga ugoko mfukoni na kuwaita wenzake waje kuviangalia. Kazi hiyo naichukua mimi, maana katika vifaa vyote vya soka hakuna ninachokiheshimu zaidi.

Tuanze na mguu wenyewe. Paja limejaa nyama. Nyuma ya mguu kuna kigimbi. Lakini pitisha kidole mbele, kutoka chini ya goti kushuka hadi kifundoni, na utaukuta mfupa uko pale pale chini ya ngozi, hauna msuli wa kuupokelea kipigo. Umefunikwa na utando mwembamba wenye neva nyingi, na ndiyo maana kugonga ugoko kwenye kona ya kitanda usiku kunamkalisha chini mtu mzima. Mahali hapo palipo wazi ndipo panapokutana na kiatu chenye meno, nyuma yake kuna uzito wote wa mwili wa beki aliyekuja kwa kasi.

Waanzilishi wa mchezo walilijua hilo vizuri. Chama cha Soka cha Uingereza kilipoanzishwa London mwaka 1863, moja ya hoja zilizowagawa wajumbe ilikuwa kama mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenzake mateke ya ugoko kwa makusudi. Wajumbe wa klabu ya Blackheath waliona kwamba mchezo usio na mateke hayo ni mchezo uliopokonywa ujasiri, wakashindwa kwenye hoja, wakajitoa. Kwa hiyo soka ilipozaliwa rasmi, ilizaliwa ikiwa na marufuku ya kupiga ugoko. Marufuku iliandikwa, mateke yakaendelea.

Mwaka 1874 akatokea Sam Weller Widdowson, mshambuliaji wa Nottingham Forest ambaye pia alicheza kriketi. Alichukua pedi za kriketi, zile ndefu zinazofunika hadi goti, akazikata zikawa fupi, akazifunga kwa mikanda juu ya soksi zake. Akachekwa. Hakuzivua. Mwaka 1880 aliichezea timu ya taifa ya England dhidi ya Scotland, na waliomcheka wakaanza kukata pedi zao. Ilichukua zaidi ya karne moja mpaka mwaka 1990, FIFA ilipofanya vikinga ugoko kuwa vazi la lazima katika mechi za mashindano. Nampenda Widdowson kwa sababu alikubali kuonekana kituko mbele ya uwanja mzima ili mguu wake ubaki mzima. Ujasiri wa namna hiyo ni mgumu kuliko wa kuingia kwenye mpira kwa kichwa.

Kinachofanywa na kifaa chenyewe hakina uchawi. Nje kuna gamba gumu, aghalabu la plastiki, kwa wenye fedha la nyuzi za kaboni. Ndani kuna sponji. Jino la kiatu likija peke yake lina eneo dogo sana, na nguvu yote ya teke inaishia kwenye nukta moja. Gamba huipokea nukta hiyo na kuitawanya kwenye upana wake wote, sponji hubonyea na kuichelewesha, na kinachofika kwenye mfupa ni sehemu tu ya kile kilichotoka kwenye mguu wa adui. Basi. Joto linalokuudhi ni la sponji hilo hilo, na ugumu unaokubana ni wa gamba hilo hilo. Ukiiondoa kero, umeondoa na kinga.

Sitavipa sifa zisizo zao. Aaron Ramsey wa Arsenal alikuwa na vikinga vyake tarehe 27 Februari 2010 pale Stoke, na mguu ulivunjika mifupa yote miwili. Eduardo da Silva, naye wa Arsenal, alikuwa na vyake miaka miwili kabla, Februari 2008, kwenye uwanja wa Birmingham City, na kilichotokea kifundoni mwake kiliwafanya watangazaji wa televisheni wasite kurudia picha. Nguvu ikizidi kiasi, au mguu ukipinda ukiwa umesimikwa ardhini, hakuna gamba la plastiki litakalouokoa. Kazi ya vikinga ni yale mateke mengine yote, yale yasiyoingia kwenye habari: meno ya kiatu yanayochana ngozi, uvimbe wa saizi ya yai, ufa mdogo wa mfupa unaomtoa mtu kazini. Hayo ndiyo chakula cha kila wiki cha mchezaji wa ridhaa.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Watu hudhani vikinga ni vitu vya ligi kuu, vya watu wanaolipwa. Mimi naona kinyume. Katika ligi kuu nyasi zimekatwa, viatu vinakaguliwa, mwamuzi amesomea kazi yake na ana wasaidizi. Nenda kwenye ndondo, mechi za mitaani. Nenda uwanja wowote wa mtaa Temeke, Mburahati au Buguruni saa kumi jioni. Huyu amevaa daluga za meno ya chuma alizonunua mtumbani, yule raba, mwingine yuko pekupeku. Mchanga umeficha vipande vya chupa. Mwamuzi anafahamika kwa jina na watu wa timu zote mbili, na kadi nyekundu anaifikiria mara mbili kwa sababu njia ya kurudi nyumbani inapita kwa mashabiki. Kuna beki ambaye timu nzima inamjua, hana kasi tena, kwa hiyo ameibadilisha kasi kwa ngwala. Hamchukii mtu. Anachelewa tu, kila mara, na kila akichelewa mguu wake unafika mahali mpira ulipokuwa.

Mlio wa teke hilo ukiusikia mara moja huusahau. Ko! Meno ya kiatu juu ya plastiki. Uwanja mzima unashusha pumzi, kijana anabingirika, anakaa, anateremsha soksi. Anakitoa kikinga, anakiinua kwenye mwanga na kukitazama. Kuna mfereji mpya umechimbika kutoka juu kwenda chini, mweupe, wenye kina cha kucha. Ngozi chini yake imekuwa nyekundu kidogo. Anakirudisha, anapandisha soksi, anasimama. Huo mfereji ulikuwa umekusudiwa mguu wake. Chukua jozi yoyote iliyocheza misimu miwili uisome: kila mkwaruzo ulioko pale ni jeraha ambalo halikutokea.

Halafu inakuja Jumatatu, siku ya kurudi kazini. Ramsey alirudi kwenye ligi mwishoni mwa Novemba 2010, miezi tisa baada ya kuumia, akiwa amekwenda kwa mkopo Nottingham Forest, klabu ile ile ya Widdowson. Miezi tisa yote hiyo alikuwa na madaktari, wataalamu wa mazoezi ya viungo na mshahara. Winga wa ndondo ni dereva wa bodaboda. Namba sita ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kipa anabeba mizigo sokoni, na yule straika wa timu ya wasichana anayewasumbua mabeki wote anasukuma toroli la matunda asubuhi. Bodaboda inaendeshwa kwa miguu, gia inapigwa kwa mguu, breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu. Mfupa ukivunjika hakuna bima na hakuna likizo yenye malipo. Kuna kundi la WhatsApp ambalo jioni ile watu wanaandika pole na wachache wanatuma mchango, wiki ya pili wanaandika pole tu, na mwezi wa tatu mke anaulizia kodi ya nyumba peke yake. Nimeyaona hayo mtaani kwetu, na ndiyo sababu siwezi kulichukulia jambo hili kama mzaha wa viatu na soksi.

Ndiyo sababu pia mtindo wa siku hizi unanikera. Vijana wamemwona Jack Grealish akicheza na soksi zilizoshushwa na vikinga vidogo vya saizi ya mtoto, wakaona huo ndio uungwana wa mpira. Sasa mtu wa miaka ishirini na tano anaweka kipande kisichozidi kiganja, wengine kipande cha sponji tu, ili mwamuzi akigusa aseme kipo. Sheria ya 4 ya mchezo inataka vikinga vya kitu kinachofaa, vinavyotoa kinga ya kutosha na vilivyofunikwa na soksi. Tangu msimu wa 2024/25 inasema pia kwamba ukubwa na ufaafu wake ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Maana yake ni kwamba ukiumia ukiwa na kiganja cha sponji, hakuna wa kumlaumu. Grealish akiguswa, daktari anaingia mbio. Wewe ukiguswa, anaingia kijana na ndoo ya maji.

Naomba basi tujifunze kuishi na kero hii kama watu wazima. Kikinga kinachofaa huanzia vidole viwili vitatu juu ya mkunjo wa kifundo na kuishia vidole kama hivyo chini ya goti. Kama kinateleza, zungushia plasta chini na juu ya soksi, bila kuikaza hadi mguu ufe ganzi. Baada ya mechi kitoe kwenye begi, kioshe kwa sabuni, kianike kivulini; harufu yote inayosimangwa ni jasho lililonyimwa upepo. Watoto wanaokata maboksi na kuyapachika ndani ya soksi nawasifu kwa akili, wameelewa tatizo mapema kuliko kaka zao. Ila boksi hulainika kwa jasho kabla ya mapumziko. Bei ya jozi ya kawaida haifikii bei ya daluga, na mfadhili anayenunua jezi za timu nzima anaweza kuongeza hilo.

Ukipigwa licha ya hayo yote, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua mguu, pumzika. Usikubali mtu akuchue kwa nguvu na dawa ya moto jioni ile ile, hata kama ni babu aliyewachua wachezaji wa zamani. Damu bado inavuja ndani na kuchua kunaiongeza. Kidonda kilichoingia mchanga kioshwe vizuri, na ulizia sindano ya pepopunda. Mguu ukizidi kukaza, maumivu yakapanda badala ya kushuka, vidole vikaanza kufa ganzi, nenda hospitali usiku huo huo. Presha ikipanda ndani ya misuli ya mguu, saa chache zinatosha kuiharibu.

Na wewe beki, kikinga cha mwenzako si ruhusa yako. Sheria ya 12 inamtoa nje kwa kadi nyekundu mchezaji yeyote anayeingia kwa nguvu iliyopitiliza au kwa namna ya kuhatarisha usalama wa mpinzani, awe ameugusa mpira au hakuugusa. Ile hoja ya kila wiki, “refa, nimecheza mpira”, haina nguvu kisheria. Chelewa ukiwa umesimama. Goli moja linafidika Jumapili ijayo.

Waandaaji wa ndondo na makocha wa mitaani, nawaomba jambo moja tu, tena halihitaji kikao. Kabla ya filimbi ya kwanza, wapangeni wachezaji mstari mmoja na mwamuzi apite akigonga kila ugoko kwa mkono wake, wa nahodha na wa mchezaji wa akiba. Asiye na vikinga asiingie, hata kama ndiye mfungaji wenu bora.