Kesi ya Sinki

Sinki la jikoni likiziba, nyumba nzima huwa mafundi bomba, ila mshtakiwa hapatikani. Letu lilianza kwa kusuasua, maji yakishuka kwa kujivuta, mpaka Jumapili moja ya pilau na wageni likagoma kabisa. Maji ya vyombo yakasimama, yana rangi ya chai ya maziwa, na juu yake duara za mafuta zinaelea bila haraka.

"Mimi simwagi mafuta humo," akasema mama watoto, kabla hajaulizwa. Watoto wakasema wao huosha vikombe tu. Shangazi, aliyekuja kututazama kutoka Tanga na bado anatutazama, akasema kwao vyombo vinaoshwa uani, kwenye beseni, na hajapata kusikia beseni limeziba. Hoja hiyo haikuwa na jibu.

Zikaanza tiba. Jirani wa juu alituma ujumbe: magadi, kisha siki juu yake. Tukamimina. Povu likapanda likinguruma, watoto wakapiga makofi. Lakini magadi na siki humalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Hutoa gesi, vikabaki maji ya chumvi chumvi, na mafuta yaliyoganda huko chini huwa yametazama sinema ya bure. Maji ya moto nayo huyayeyusha kidogo, yakasogea mbele, yakapoa, yakaganda upya mahali ambapo mkono haufiki. Muuza duka la vifaa vya ujenzi akataka kunipa kostiki soda. Ile kweli inafanya kazi, maana hugeuza mafuta kuwa sabuni, ila huunguza ngozi na macho vilevile, na ikishindwa kupenya unabaki na sinki lililojaa sumu. Nikamwambia nitarudi. Alijua sirudi.

Nikaamua kufungua lile bomba lililopinda chini ya sinki. Mpindo ule upo kwa sababu: maji hubaki ndani yake daima, yakazuia harufu na mende wasipande kutusalimia. Ubaya wake ni kwamba na kila kitu kingine hubaki humo. Nikaweka ndoo, nikalala chali, nikalegeza ile nati kubwa ya plastiki kwa mkono. Familia ilikuwa imeinama juu yangu, na shangazi ndiye aliyeshika tochi, akimulika ukutani.

Ukaanguka pwaa! Utelezi mweupe wa mafuta, mzito, wenye harufu ya pilau ya sikukuu iliyopita. Ndani yake punje za wali, ganda la iliki, nyuzi za ule waya wa kusugulia masufuria, majani ya chai (hayo tuyapite haraka), na mbegu za ubuyu, nyekundu bado. Ubuyu ule ulitoka Tanga, na hakuna aliyegawiwa. Kila jicho likamgeukia shangazi.

"Bomba lenu lina tamaa," akasema, akazima tochi.

Usiku tuliitisha kikao. Ili kuwatia hofu, nikawasimulia kwamba mwaka 2017, kwenye mfereji wa maji taka chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta na taka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Shangazi akauliza kama na wao walikuwa na wageni.

Ikapitishwa sheria: vyombo vifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na mafuta ya kukaangia yaliyochoka yamiminwe kwenye kopo, yasiguse sinki. Watu wametii mno. Kopo la kwanza limejaa, la pili limefika nusu, yote yamepangwa dirishani, na kila anayeambiwa akayatupe anauliza swali moja tu: wapi? Kwenye sinki haiwezekani. Shangazi anasema akirudi Tanga atayachukua, lakini hajataja siku.