Tuipe Heshima Yake Swichi ya Bei Poa

Katika jangwa la Black Rock, Nevada, ambako wapenzi wa roketi zenye injini kubwa hukusanyika kurusha kazi za mikono yao, sifa zote huenda kwa injini. Parachuti nayo hupigiwa makofi ikifunguka. Hakuna anayeitaja swichi ndogo ya kutelezesha iliyong'olewa kwenye redio mbovu, ilhali ndiyo inayoamua iwapo parachuti itafunguka. Dhuluma hii ikome.

Kwanza, swichi hii ni mtiifu kwa sheria za Newton kuliko mwenye roketi. Chombo kikiruka kwa mchapuko ulio mara 20 ya mvutano wa dunia, kitelezi cha gramu 5 husukumwa kuelekea mkiani kana kwamba kina uzito wa gramu 100. Fundi aliyeifunga sambamba na urefu wa roketi, upande wa kuwasha ukitazama puani, ameshaiamuru ijizime. Nayo haimwangushi. Kuangusha itaachia roketi.

Pili, ina kipaji cha kufupisha mambo. Kompyuta ndogo ya roketi, inayopata umeme kupitia swichi hii, hupima kanieneo ya hewa. Kanieneo ikiacha kushuka na kuanza kupanda, inajua kwamba kilele kimepita, basi inawasha baruti kidogo ili roketi itengane na parachuti itoke. Mtetemo ukiitikisa swichi na umeme ukakatika kufumba na kufumbua, kompyuta isiyo na akiba huanza upya. Hapo inaamini kwamba bado iko chini, juu ya reli ya kurushia, ikisubiri kurushwa. Inasubiri kwa adabu zote, huku ikishuka pua mbele kwa kasi ya kutisha.

Tatu, inajali umoja. Mjenzi mwangalifu hufunga kompyuta mbili, moja ikishindwa nyingine imwokoe. Ni busara ya gharama, na swichi yetu huitibu kwa urahisi: zote mbili hulishwa kupitia kwake. Ikikataa, zinakufa pamoja, na hakuna ya kumcheka mwenzake.

Nne, ni kipenzi cha jamaa. Kwa kuwa mara nyingi hufichwa ndani ya bomba, lazima iwashwe mezani kabla roketi haijafungwa. Hivyo baruti inakuwa macho tangu kwenye maegesho, katikati ya watoto na vikapu vya chakula, kisha inabebwa kifuani hadi kwenye reli. Kanuni za usalama za National Association of Rocketry ya Marekani zinataka saketi za kulipua zizuiwe mpaka roketi iwe katika mkao wa kurushwa. Huo ni ubaguzi. Kwa nini msisimko wabaki nao wachache walio karibu na reli?

Wapo, hata hivyo, wasioipenda furaha. Hao hutumia swichi ya skrubu: bisibisi hupita katika tundu la ubavuni, skrubu ikabana na kufunga saketi, na hakuna cha kuteleza. Wengine huchagua ya kuzungushwa, nayo kwa bisibisi. Kila kompyuta wanaipa betri yake na swichi yake. Roketi husimamishwa wima kwanza, wasiohusika hurudi nyuma, ndipo mmoja hupanda ngazi, akaweka uso wake mbali na bomba, akawasha swichi moja baada ya nyingine na kusikiliza milio ya kuthibitisha kwamba viwashio vimeunganika. Mlio ukiwa na kasoro, huzima na kuishusha roketi, bila hata kuona aibu.

Watu wa namna hiyo jioni hurudi nyumbani na roketi ileile waliyokuja nayo, nzima, na hawana hata shimo moja ardhini la kuwaonyesha wageni.