Projekta Bila Waya, Kiritiri

Miracast, teknolojia iliyozinduliwa 2012, huunganisha kompyuta na projekta moja kwa moja, bila waya wala ruta. Kwanza, projekta huwashwa kwa rimoti, ambayo imefungiwa kabatini. Mwenye ufunguo yuko Embu mjini. Pili, kwenye Windows 10 hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na K, likatokea jina la projekta, au la televisheni ya hoteli jirani. Tatu, picha husubiriwa ukutani. Mjini Kiritiri, si mbali na bwawa la Kindaruma linalozalisha umeme tangu 1968, hapo ndipo stima hupotea. Stima ikirudi, hutafutwa waya wa HDMI, na semina ya teknolojia isiyotumia waya huanza.