Sifa za Pete ya Plastiki

Wamepata kusifiwa farasi na majahazi, na siku hizi hata rimu za kung'aa ambazo vijana hufunga kwenye magari yao kwa kutafuta fahari. Lakini ile pete ya plastiki ikaayo kati ya rimu hizo na habu, isiyoonwa na mpita njia wala kukumbukwa na mwenye gari mpaka siku usukani unapotetemeka mikononi mwake, haijapata msemaji, nami naomba idhini ya kuwa wakili wake.

Nasaba yake si tukufu, kwani imezaliwa na ubahili. Habu za Toyota nyingi ni milimita 60.1, za ndogo kama Vitz 54.1, za Honda nyingi 64.1; basi mtengenezaji wa rimu za kuuzia watu wote, badala ya kuchonga tundu la kila kabila, huchonga moja pana, aghalabu la 73.1, na suluhu humwachia mnunuzi. Kwa Toyota ya 60.1 hubaki nafasi ya milimita 6.5 kuzunguka habu, na huo ndio ufalme mzima wa pete.

Fadhila yake kuu ni kwamba haibebi kitu. Uzito wa gari huchukuliwa na nati, ambazo huibana rimu kwenye uso wa habu hata isiweze kuteleza. Pete huiweka tu rimu katikati wakati nati zinapokazwa, na zikishakazwa hubaki kitini pake bila shughuli, kama karani mkuu aliyekwisha kutia sahihi ya asubuhi.

Lakini mwondoe karani huyo uone tafrani. Rimu hulalia skrubu kwa uzito wake, nati ya kwanza huivutia upande, na mwendo ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa gari hushikwa na homa. Mwenyewe hukimbilia balansi. Kumbe mashine ile hulishika gurudumu kwa koni katika tundu lake lenyewe, kwa hiyo hulikuta halina ila, na fundi, asije akaonekana hakufanya kazi, hubandika risasi mbili tatu. Kisha hulaumiwa tairi, zikafuata shokomzoba, na mfuko ukazidi kupungua.

Wapo mafundi wasemao kuwa nati zenye ncha ya koni hujitafutia katikati zenyewe. Ni kweli, ikiwa gurudumu limeinuliwa juu ya ardhi na nati zikakazwa kwa kupishana. Bali zile nati bapa zenye washa, walizokuja nazo Toyota wengi na rimu zao za asili, hazijui katikati ni wapi, na kwenye rimu ya tundu la koni ni hatari tupu.

Husemwa pia kwamba plastiki hulainika kwa joto la breki, na kwamba hudondoka mchangani kwa fundi pancha. Sikatai. Ila ya aluminiamu, huku pwani kwenye chumvi, huganda na habu hata itolewe kwa nyundo na matusi.

Wauza rimu, mafasaha wa rangi na inchi, pete hawazitaji mpaka waulizwe. Na mnunuzi mwenye haya atazijua akiwa mwendo wa 90, abiria wakimwuliza barabara hii imeharibika lini.