Uainisho wa Awali wa Hofusimu ya Kiofisi

Mwanafunzi, kaa wima. Hofusimu ni hali ya mtumishi mwenye akili timamu, salio la kutosha na namba sahihi kushindwa kubonyeza kitufe cha kijani. Wengine huchunguza nyota; sisi wa Mkolani, Mwanza, tumejitwisha zito zaidi.

Chimbuko lake linajulikana. Tarehe 10 Machi 1876, mjini Boston, Alexander Graham Bell alimwita kwa simu msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa chumba kingine. Zingatia: simu ya kwanza kueleweka ilikuwa ya kikazi, bosi akimtaka mtumishi aje. Zingatia zaidi: Bell alikuwa na miaka 29, Watson 22, na hakuna shikamoo iliyorekodiwa. Kasoro hiyo haijarekebishwa hadi leo. Baadaye Bell alipendekeza simu zifunguliwe kwa "ahoy", wito wa mabaharia. Thomas Edison akashikilia "hello", ndiyo halo yetu. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wangemuunga mkono Bell, lakini hao sauti zao huvuka maji bila mtandao, hivyo hawamo katika somo hili.

Aina ya Kwanza: Hofutangulizi. Mgonjwa huandika hotuba karatasini, hukohoa, kisha husubiri lori lipite barabara ya Shinyanga ili pawe kimya. Likipita, husubiri lingine.

Aina ya Pili: Umrifumbo. Hapa ndipo ulipo moyo wa taaluma. Usipoelewa, rudia mwaka. Ana kwa ana, mvi hukuelekeza la kusema. Simuni hakuna mvi. Halo nzito kutoka chumba cha uhasibu yaweza kuwa ya mzee anayekaribia kustaafu, au ya kijana wa fildi mwenye mafua. Ukimpa kijana shikamoo, ataitikia marahaba bila haya, na tangu hapo malipo yako yatasubiri hadi ajisikie. Ukimwambia mzee "mambo vipi", usiyasubiri kabisa. Kati ya hatari hizo mbili limezuka Nusushikamoo: mpigaji hutamka "shika", hukohoa, humalizia na "habari za kazi". Wapo wanaodai kikohozi kitangulie. Hao nimeshawajibu, tena kwa ukali.

Wasukuma walikaribia ufumbuzi. Salamu yao ya mwangaluka hufuata saa, haifuati umri, na jua likigeuka kuna mwadila. Saa yenyewe unaiona kwenye simu. Ila aliye upande wa pili akiwa Mhaya, umezalisha hofu mpya, nayo inahitaji muhula wake.

Aina ya Tatu: Ubipu. Tenganisha ubipu-ukata na ubipu-woga. Kwa sikio ni mlio uleule. Tofauti hujitokeza mhusika akipigiwa: wa ukata hukenua, wa woga huifungia simu kwenye droo.

Aina ya Nne: Furahahapatikani. Dada wa mtandao akitangaza kwamba mteja hapatikani, mgonjwa hupona papo hapo na kwenda kunywa chai.

Sasa tiba. Andika mambo matatu: jina lako, ofisi yako, shida yako. Simama. Piga asubuhi, kabla woga haujapata kifungua kinywa. Sema "habari za kazi", halafu nyamaza, kwa maana jibu hufichua kile ambacho halo ilikificha. Akijibu "poa", endelea na shida yako. Akiuliza "nani mwenzangu?", toa shikamoo hapohapo, hata kama imechelewa. Kumsukumia mwenzako simu kwa madai kwamba sauti imekauka si tiba, ni kuhamisha mgonjwa wodi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaruhusiwa baada ya saa tisa na nusu tu, ofisi zikishafungwa.

Zoezi: ipigie ofisi yoyote ya mjini ambako humjui mtu, kisha eleza kwa kurasa mbili umri wa aliyepokea. Majibu yaletwe kwa mkono. Anayeuliza kama anaweza kunipigia hakufuatilia somo.