Kambi Maalumu

Mama alikuwa akipepeta maharagwe uani, kwetu Kianjai, nilipomwambia kwamba mimi, binamu yangu fundi wa simu na shemeji yangu mwalimu tungekwenda kulala Mbuga ya Meru siku mbili.

"Mtalala kwa nani?"

"Kwenye hema, Mama."

"La nani?"

"Letu. Tumelinunua."

Aliweka ungo chini. "Na mtalipa?"

Nikasema ndiyo: kiingilio cha mbuga kivyake, ada ya kulala kivyake. Alinitazama kama anayejumlisha karo yote aliyonilipia tangu darasa la kwanza na kuona hesabu haitoki. Mama huyu alihangaika miaka na miaka ili wanawe waache kulala chini, waache kupikia nje, waache kuamka alfajiri kumfuata punda wa maji. Sasa mmoja wao kapata mshahara, na anakwenda kununua ruhusa ya kurudi chini.

"Kwani ardhi ya hapa kwangu," akauliza, "ina miiba?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kufunga mizigo.

Mbuga yenyewe si mbali. Ukitoka kwetu unapita Kangeta, unapita Maua, kisha unaushuka mgongo wa Nyambene hadi lango la Murera. Lakini wakazi wa Kianjai tunaijua kama tunavyoijua bahari: kwa kusimuliwa. Wanaoenda ni wageni wenye kofia pana, wanapita hapa barabarani wakitupungia mkono, nasi tunawapungia, halafu kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Tulikaa jioni nzima tukichagua mahali pa kulala, maana mbuga hiyo ina malazi ya kila mfuko. Kileleni, na nasema kileleni kwa maana halisi, kuna hoteli kwenye kilima cha Mughwango, vyumba vyake vimepachikwa katikati ya majabali. Hapo Mughwango ndipo George Adamson, yule mzee wa simba, alipokuwa na kambi yake ya kwanza mbugani. Binamu alifungua bei kwenye simu, akatazama, akazima simu, akaifuta kioo kwa pindo la shati kana kwamba uchafu ndio ulioongeza sifuri. Ukishuka kuna mabanda ya shirika la wanyamapori, yenye vitanda, unajipikia mwenyewe. Ukishuka tena, kuna kambi ya umma ya Bwatherongi: unakuja na hema lako, unakuta vyoo, mabafu, hata bwawa la kuogelea. Na mwisho wa orodha kuna kambi maalumu.

Hapo ndipo elimu yetu ilipotuponza. Mkenya akisikia "umma" anaona foleni. Choo cha umma anakijua. Hospitali ya umma anaijua. Bali "maalumu" ni kitanda chenye pazia, ni kiti cha mbele kwenye harusi. Tena kambi maalumu ilikuwa ghali kuliko ya umma, na hilo ndilo lililomaliza mjadala.

"Kitu hakipandi bei bure," alisema Shemeji kwa sauti ya darasani. Tukalipia maalumu.

Langoni tulichelewa kwa sababu malipo yote hupitia eCitizen, noti hazipokelewi, na mtaalamu wetu wa simu alikuwa hana bando. Jua lilikuwa limekwisha kuinama tulipofika mahali petu: uwazi wa nyasi kando ya kijito, mikoche miwili mitatu imesimama, mgunga mmoja mkubwa, basi. Askari aliyetusindikiza akasema, "Ni hapa."

Tukasubiri aendelee. Hakuendelea.

"Bafu liko wapi, afande?" Shemeji aliuliza.

Askari alitazama kijito, akatutazama sisi. "Hapa hamna bafu."

"Na choo?"

Aliinua mkono akauzungusha polepole, kutoka kwenye mikoche, kupita vilimani, hadi alikoanzia. "Choo," alisema kwa heshima zote, "ni huko kote."

Kumbe umaalumu wa kambi maalumu ni kwamba mnakuwa peke yenu. Hakuna jirani, hakuna bomba, hakuna taa, hakuna ukuta. Unalipa zaidi ili upewe pungufu, na wajuzi huusifu sana mpango huo. Tungehamia Bwatherongi papo hapo, lakini giza lilikuwa linaingia, na usiku magari ya wageni hayaruhusiwi kuzurura mbugani. Afande alitutakia usiku mwema akaondoka. Nililitazama vumbi la gari lake jinsi mtoto wa bweni anavyolitazama la mzazi.

Hema liliandikwa kwamba ni la watu wanne. Nadhani walipimwa wakiwa wamesimama. Nyundo tuliisahau, tukagongea vigingi kwa jiwe. Vinne vikapinda, kimoja kikaruka majanini na hakijaonekana mpaka leo. Wakati huo mbung'o walikuwa wamemgundua Shemeji. Mimi na Binamu tuliumwa kidogo tu, lakini yeye walimshukia kwa makundi, wakamwacha akijipiga makofi shingoni, mapajani, mgongoni kwa kulenga tu. Alikuwa amevaa tracksuit mpya ya buluu yenye mistari myeusi. Kesho yake ndipo tulipoelezwa kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha rangi hizo hizo, buluu na nyeusi, kwa kuwa ndizo zinazowavuta. Shemeji alikuwa amejinunulia mtego sokoni, akauvaa.

Chakula sitakisimulia kwa kirefu. Tumbili mmoja alikaa juu ya Probox yetu, akasubiri Binamu ainame kuwasha makaa, akashuka, akafungua kifuniko cha hotpot kwa mikono miwili kama mpishi, akachagua chapati. Hakukwapua. Aliinua ya kwanza, akaiona imeungua ukingoni, akairudisha, akachukua ya pili. Alipofika mtini akaikunja mara nne kabla ya kuila. Tuliobaki tulikula ile aliyoikataa, na chai.

Saa tano usiku simba alinguruma ng'ambo ya kijito. Wanaosema simba hunguruma hawajalala kwenye hema. Sauti hiyo haiingii masikioni, inaingia kifuani, inatikisa mbavu, halafu ndipo masikio yanapewa habari. Shemeji, ambaye akiogopa hufundisha, akatuanzia historia ya simba Elsa: alivyookotwa mchanga mwaka 1956, alivyolelewa na Joy na George Adamson, alivyorudishwa porini huku huku, alivyokufa mwaka 1961 na kuzikwa kando ya mto Ura.

"Elsa alikuwa analala kambini mwao," alinong'ona. "Kwenye kitanda cha kambi. Kwa hiyo msiogope. Simba wa huku wamezoea watu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema Binamu.

Mimi nililokuwa naliwaza ni kitanda. Simba alikuwa nacho. Godoro letu la kupuliza lilikuwa limekutana na mwiba wa mgunga uliopenya sakafu ya hema, na kila tulipogeuka lilitoa pumzi ndefu ya kukata tamaa, hata kufikia saa nane nikawa nalala juu ya mbuga yenyewe. Nilimkumbuka Mama na swali lake. Jibu sasa ninalo: miiba ilikuwa huku.

Halafu kukaanza kutafunwa. Kitu kizito, karibu, nje ya kitambaa, kilikuwa kinang'oa nyasi na kusaga, kinang'oa na kusaga, bila haraka. Binamu alikuwa na haja tangu saa sita. Aliuliza kwa pumzi kama kuna chupa tupu. Kulikuwa na chupa ya lita moja yenye maji ya kesho. Aliyanywa yote ili aipate, na nadhani hesabu ya jambo hilo ilimjia akiwa katikati.

Kulipokucha tulikuta kinyesi cha nyati, bado kinafuka mvuke, hatua nne kutoka mlangoni. Hatukujadiliana. Saa moja tulikuwa Bwatherongi tukilipa upya, tena kwa furaha. Shemeji aliingia bafuni mara tatu kabla ya mchana, mara ya tatu kusikiliza tu maji yakianguka. Tuliwaona twiga, tuliwaona vifaru kwenye hifadhi yao, ilikuwa siku nzuri, na siku nzuri haina cha kusimuliwa.

Nyumbani Mama hakuuliza lolote. Alinitazama ninavyotembea, akacheka peke yake jikoni. Hema nililiacha pale, sikutaka kuliona.

Mwezi uliopita nilipopita kumsalimu nililikuta uani, chini ya mwembe, limepigwa likasimama wima kuliko tulivyowahi kuliweza sisi. Chini ametandika maranda, pembeni kuna bakuli la maji na kopo la mahindi yaliyopondwa. Kuku wake mwekundu amekaa katikati na vifaranga kumi na mmoja, zipu imefungwa nusu ili hewa ipite, na kunguru yuko juu ya mwembe anaangalia asijue aanzie wapi.